Mvua Ikikosekana ni Mtihani, Watu Wakifa kwa Njaa ni Dhima

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa walimwengu wote, Mwenye kuwalisha waja Wake wakati wa njaa na kuwapa amani wakati wa hofu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na wote waliofuata mwenendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, kila zinapotufikia habari kwamba watu wa nchi fulani wanakufa kwa njaa, wengi wetu husema neno moja kisha tukanyamaza. Husema, "Huo ni mtihani wa Mwenyezi Mungu." Neno hilo ni la kweli, na hakuna Muislamu anayeweza kulikanusha, kwani Qur'ani Tukufu katika Suratul Baqara, aya ya 155, imetueleza wazi kwamba tutajaribiwa kwa hofu, kwa njaa, na kwa upungufu wa mali, watu na mazao. Lakini neno la kweli likitumiwa mahali pasipo pake hugeuka kuwa pazia la kumfichia dhalimu. Wapo watawala, wapo wapiganaji na wapo wafanyabiashara ambao hupenda sana kutusikia tukisema "ni mtihani", kwa sababu tukishasema hivyo hatuwaulizi tena lolote.

Katika makala yetu ya leo tunakusudia kueleza, kwa mujibu wa mafundisho ya dini yetu na kwa mujibu wa utafiti wa wataalamu, ni jambo gani hasa linaloufanya ukame ugeuke kuwa baa la njaa, na ni nani anayebeba dhima ya roho zinazopotea. Tutachukua mfano wa jirani zetu wa Somalia. Tumeichagua nchi hiyo kwa sababu wakazi wake karibu wote ni ndugu zetu katika imani, na kwa sababu baa lililowafika mwaka 2011 limechunguzwa na watafiti kuliko mengi yaliyopata kutokea barani Afrika.

Maana ya baa la njaa

Tarehe 20 Julai, 2011, Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba maeneo mawili ya kusini mwa Somalia, yaani kusini ya Bakool na Shabelle ya Chini, yameingia katika baa la njaa. Msomaji aelewe kwamba kwa wataalamu neno hilo halisemwi ovyo. Lina mizani yake, na mizani hiyo ilianza kutumika mwaka 2004 huko huko Somalia, ikibuniwa na wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO. Ili eneo lihesabiwe kuwa na baa la njaa, ni lazima mambo matatu yathibitike. La kwanza, angalau kaya 20 katika kila 100 ziwe zimekosa chakula kwa kiwango cha kukithiri. La pili, watoto zaidi ya 30 katika kila 100 wawe wamekonda kwa utapiamlo. La tatu, angalau watu wawili katika kila 10,000 wawe wanakufa kila siku.

Tulitazame hilo la tatu kwa macho yetu ya kawaida. Katika mji wenye watu 100,000, hizo ni maiti 20 kila siku. Ni sala ya jeneza mara 20 kati ya Alfajiri na Isha, kisha kesho 20 nyingine, na keshokutwa vivyo hivyo, na nyingi kati ya sanda hizo ni fupi kwa kuwa waliomo ni watoto.

Baa lile lilienea mwezi Agosti na Septemba hadi katika makambi ya wakimbizi wa ndani mjini Mogadishu na katika mkoa wa Bay, na lilitangazwa kuwa limekwisha tarehe 3 Februari, 2012. Mwaka 2013 ulitolewa utafiti uliofanywa na wataalamu wa takwimu za vifo, Francesco Checchi na Courtland Robinson. Walikadiria kwamba kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012 walikufa watu wapatao 258,000 juu ya wale ambao wangekufa katika hali ya kawaida. Kati yao 133,000 walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Kwa maneno mengine, kusini na katikati ya Somalia, katika kila watoto 10 wa umri huo mmoja alizikwa. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Mvua ilikosekana kwa wengi, baa likatua kwa mmoja

Sasa tuulize swali ambalo watafiti wameliuliza. Mvua za mwishoni mwa mwaka 2010 na zile za katikati ya mwaka 2011 hazikukosekana Somalia peke yake. Kaskazini mwa Kenya mifugo ilikufa, na kusini mwa Ethiopia visima vilikauka. Watu zaidi ya milioni 12 katika Pembe ya Afrika walihitaji msaada. Hata hivyo, baa la njaa lilitangazwa Somalia tu. Hatusemi kwamba Kenya na Ethiopia hawakuteseka watu, la hasha. Tunasema kwamba wingu lililowanyima mvua ni moja, lakini yaliyowafika hayakuwa mamoja. Basi ni wazi kwamba kulikuwa na jambo jingine zaidi ya wingu.

Jambo la pili la kushangaza ni mahali penyewe. Ardhi iliyopo kati ya Mto Juba na Mto Shabelle ndiyo ghala la Somalia. Huko hulimwa mtama, mahindi, ufuta na ndizi. Na ni huko huko ambako baa lilipiga kwa nguvu zaidi, mwaka 2011 na pia mwaka 1992, wakati mji wa Baidoa ulipoitwa mji wa mauti. Iweje mkulima afe kwa njaa kando ya mto, katika udongo wenye rutuba kuliko wote nchini mwake?

Jibu limo katika historia. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, makundi yenye silaha yaligombea ardhi ile. Waliokuwa wakiilima, hasa watu wa koo za Rahanweyn na wale wanaoitwa Wasomali Wabantu, hawakuwa na majeshi ya kuwalinda. Maghala yao yaliporwa, mifugo yao ikachukuliwa, mashamba yao yakanyang'anywa. Kwa hiyo ukame ulipokuja, uliwakuta wakiwa wamekwisha kuvuliwa kila walichojiwekea kwa ajili ya siku mbaya.

Hapa na sisi watu wa Afrika Mashariki tunaguswa kwa damu. Miongoni mwa Wabantu hao wamo Wazigua, ambao babu zao walichukuliwa utumwani katika karne ya 19 kutoka pande za Tanga na kupelekwa bonde la Juba, na wajukuu zao wangali wanazungumza Kizigua. Vita vilipowafukuza, baadhi yao walirudi katika ardhi ya mababu zao, wakapokewa nchini Tanzania na kupewa makazi huko Chogo, Handeni, na wengi wakapata uraia. Kadhalika Barawa, katika mwambao wa Shabelle ya Chini, ni mji wa wenyeji wenye lahaja ya Kiswahili, na ndiko alikotoka Sheikh Uways bin Muhammad al-Barawi, aliyeieneza tarika ya Qadiriyya katika pwani yetu. Waliokufa hawakuwa watu wa mbali.

Milango iliyofungwa

Watafiti wanapoeleza sababu za vifo vile, hutaja milango kadhaa iliyofungwa mbele ya mtu mwenye njaa, na kila mlango una mwenye ufunguo wake.

Mlango wa kwanza ulifungwa na wapiganaji wa al-Shabaab, ambao wakati huo walitawala sehemu kubwa ya kusini. Waliyatoza mashirika ya misaada fedha, wakayatisha, na Januari 2010 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likasimamisha kazi zake katika sehemu kubwa ya maeneo yao. Baa lilipotangazwa, msemaji wao alikanusha kwamba kuna baa la njaa. Novemba 2011, watu wakiwa bado wanakufa, walipiga marufuku mashirika 16 kwa mpigo. Hayo yalifanywa kwa jina la dini. Nasi tunasema bila ya kificho kwamba hakuna katika sheria ya Kiislamu hoja ya kumzuilia chakula mtoto wa Kiislamu au asiyekuwa wa Kiislamu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwanamke aliadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachie ajitafutie. Ikiwa hiyo ni hukumu ya paka, ni ipi hukumu ya mkoa mzima?

Mlango wa pili ulifungwa na wakubwa wa dunia. Marekani ilikwisha kuliweka kundi hilo katika orodha ya magaidi mwaka 2008, na mashirika yakaogopa kushitakiwa iwapo gunia moja la mahindi lingeangukia mikononi mwa wapiganaji. Msaada wa Marekani kwa kusini mwa Somalia ulipungua mno katika miaka iliyofuata, na masharti hayakulegezwa hadi Agosti 2011, baada ya baa kutangazwa. Mtu aliyekuwa na njaa huko Bay hakuwa ameandika orodha yoyote, lakini yeye ndiye aliyelipa.

Mlango wa tatu ulifungwa na wizi. Kundi la Uangalizi la Umoja wa Mataifa, katika ripoti yake ya Machi 2010, lilieleza kwamba huenda hadi nusu ya msaada wa chakula uliopelekwa Somalia ulikuwa ukiishia kwa wakandarasi, wapiganaji na baadhi ya watumishi wa misaada wenyewe, ingawa Shirika la Mpango wa Chakula liliyapinga makadirio hayo. Na mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilieleza habari za wasimamizi wa makambi ya Mogadishu, waliokuwa wakijichukulia sehemu ya chakula cha wakimbizi kama kodi ya kuishi katika vibanda vya matambara.

Mlango wa nne ni kuchelewa, na huu umetuhusu wengi. Wataalamu wa kutabiri njaa walianza kutoa tahadhari tangu mwaka 2010. Waliandika, wakarudia, wakaongeza mkazo. Fedha nyingi hazikutolewa mpaka picha za watoto zilipoonekana katika televisheni. Mataifa ya Kiislamu nayo, kupitia Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, yalikutana Istanbul tarehe 17 Agosti, 2011, na kuahidi Dola milioni 350. Ni jambo la kushukuriwa, kwani misaada ya Waislamu iliweza kufika mahali ambapo wengine hawakufika. Lakini utafiti umeonyesha kwamba vifo vilikuwa vingi kabisa kati ya Mei na Agosti, vikifikia kama 30,000 kwa mwezi. Wahenga walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Hapa mwana alikutwa kaburini.

Wanazuoni waliliona hili zamani

Mwaka 1981 mwanauchumi wa Kihindi, Amartya Sen, alitoa kitabu juu ya umasikini na njaa ambacho kilibadilisha fikra za watu wengi. Yeye mwenyewe, akiwa mtoto wa miaka tisa, aliliona baa la Bengal la mwaka 1943 lililoua watu wapatao milioni mbili hadi tatu chini ya utawala wa Waingereza. Alipochunguza hesabu aligundua kwamba chakula kilichokuwepo Bengal mwaka ule hakikuwa kichache kuliko cha mwaka 1941, ambao haukuwa na baa. Kilichotokea ni kwamba bei zilipanda kwa sababu ya vita, na vibarua, wavuvi na mafundi wakakosa uwezo wa kununua. Mchele ulikuwepo, ila haukuwa wao. Baadaye alionyesha kwamba mabaa ya njaa hayatokei katika nchi ambayo watawala wanaweza kuulizwa na wananchi, na magazeti yanaweza kusema. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 1998.

Lakini tusidhani kwamba jambo hili lilianza kufahamika Cambridge au Oxford. Mwanahistoria wa Cairo, Taqiyyuddin al-Maqrizi, aliandika risala mahususi juu ya mabaa ya njaa ya Misri, baada ya taabu iliyoipata nchi hiyo kuanzia mwaka 806 Hijria, yaani miaka zaidi ya 600 iliyopita. Alikiri kwamba Mto Nile ulipungua. Hata hivyo hakuishia hapo. Alizitaja sababu tatu za kudumu kwa dhiki ile: vyeo vya serikali na vya ukadhi kuuzwa kwa rushwa, kodi za mashamba kupandishwa hadi wakulima wakashindwa, na sarafu za shaba kujazwa sokoni hadi fedha ikakosa thamani. Zote tatu ni kazi ya mikono ya watu. Kabla yake, Ibn Khaldun katika Muqaddima yake alikwisha kueleza kwamba njaa huzidi dola inapozeeka, kwa kuwa dhuluma na fitina huwafanya watu waache kulima, na ghala likawa tupu wakati wa haja.

Hivyo utafiti wa leo na elimu ya wanazuoni wetu vinakutana mahali pamoja. Na vyote viwili vinakubaliana na Qur'ani, ambayo katika Suratu Rum, aya ya 41, inatufahamisha kwamba ufisadi umedhihiri barani na baharini kwa yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Ndiyo maana vile vile Suratu Quraysh ikaziweka neema mbili pamoja, chakula na amani. Pasipo na amani, chakula nacho hakikai.

Mwaka wa Majivu

Mfano bora wa kiongozi mbele ya ukame tunao katika Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.). Mwaka wa 18 Hijria mvua ilikatika Hijazi, upepo ukapeperusha vumbi lililofanana na majivu, na mwaka ule ukaitwa Amu Ramada, Mwaka wa Majivu. Mabedui walimiminika Madina kutoka kila upande. Umar alifanya nini?

Aliomba dua na kuswali sala ya kuomba mvua, akamtanguliza Sayyidna Abbas (R.A.), ami yake Mtume, amuombe Mola. Lakini hakukaa kuingoja dua huku mikono imefungwa. Aliwaandikia magavana wake walete chakula, na imepokewa kwamba Abu Ubayda (R.A.) alifika kutoka Sham na ngamia 4,000 waliobeba chakula. Alisimamisha adhabu ya kukatwa mkono mwizi, kwa kuwa mwenye njaa si sawa na mwenye shibe. Aliakhirisha ukusanyaji wa Zaka mpaka watu wapate nafuu. Yeye mwenyewe alijizuia samli na nyama, akala mafuta ya zeituni mpaka rangi ya mwili wake ikabadilika.

Na lipo jambo moja katika kisa hiki ambalo mara nyingi tunalipita bila ya kulitafakari. Ibn Saad katika Tabaqat anapokea kwamba Umar aliweka watu pembezoni mwa Madina, kila mmoja upande wake, na jioni wakikutana kwake kumpa habari za waliofika na hali zao. Kisha akaamuru wahesabiwe wanaokula katika meza yake. Wakahesabiwa, wakawa 7,000. Akaamuru wahesabiwe na wale wasioweza kuja, wagonjwa, wanawake na watoto, wakawa 40,000. Baada ya siku chache akaamuru wahesabiwe tena, na idadi ilikuwa imeongezeka. Mvua iliponyesha, aliwarudisha makwao wakiwa na chakula na vipando.

Ndugu msomaji, huo ni utafiti. Ni kukusanya habari, kuhesabu, kurudia kuhesabu, na kutenda kwa mujibu wa hesabu. Umar hakuridhika na kusikia kwamba "watu ni wengi". Alitaka kujua ni wangapi, kwa sababu alijua kwamba ataulizwa kwa kila mmoja wao. Naye Nabii Yusuf (A.S.) alipoomba kukabidhiwa maghala ya Misri alijitaja kwa sifa mbili, kwamba ni mwenye kuhifadhi na ni mwenye kujua. Uaminifu bila ya elimu haukuhifadhi ghala, na elimu bila ya uaminifu hulifisidi.

Kuhesabu ni ushahidi

Huenda baadhi yetu wakauliza: kuna faida gani kuhesabu maiti waliokwisha kuzikwa? Faida yake ni kubwa. Asiyehesabiwa huweza kukanushwa. Wapiganaji walisema hakuna baa; hesabu ikawajibu. Watoa misaada walisema walifanya walivyoweza. Hesabu ikaonyesha kwamba walifika watu wamekwisha kufa. Hesabu hiyo hupatikana kwa kazi ngumu: muuguzi anayezungushia utepe mkono wa mtoto kujua kama mzunguko wake umeshuka chini ya sentimita 11.5, ambayo ni dalili ya utapiamlo mkali. Na kijana anayekwenda kaya kwa kaya kumuuliza mama ni watoto wangapi alikuwa nao na wangapi amebaki nao. Huo ni ushahidi, na Qur'ani imetukataza kuuficha.

Na matunda yake yameonekana. Mwaka 2017 ukame ulirudi Somalia. Safari hiyo tahadhari ilisikilizwa mapema, familia zikapelekewa fedha kwa njia ya simu wakati masoko yangali na chakula, na baa la njaa likaepukwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mwaka ule ufa ulizibwa. Lakini mwaka 2022, baada ya misimu mitano mfululizo ya mvua haba, baa halikutangazwa rasmi, ilhali utafiti uliotolewa Machi 2023 na Wizara ya Afya ya Somalia pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa ulikadiria vifo 43,000 kwa mwaka huo mmoja, nusu yake watoto wadogo. Tunajifunza kwamba kutotangazwa kwa baa hakumaanishi kwamba watu hawafi.

Wala jambo hili si la Somalia tu. Agosti 2024 baa la njaa lilithibitishwa katika kambi ya Zamzam, karibu na mji wa El Fasher huko Darfur, mahali palipozingirwa kwa vita. Tarehe 22 Agosti, 2025, lilithibitishwa katika mkoa wa Gaza. Kote kuwili hapakuwa na suala la mvua. Kulikuwa na bunduki na mipaka iliyofungwa.

Wajibu wetu majumbani na misikitini

Yatupasa basi tujiulize, familia ya Kiislamu ya Mombasa, Ujiji au Unguja itafanya nini?

Kwanza, tutoe mapema. Wengi wetu tuna desturi ya kutoa tunapoona picha za kusikitisha. Shilingi moja inayofika kabla mifugo haijauzwa huokoa kuliko kumi zinazofika mtoto akiwa hana tena nguvu ya kunyonya. Mwaka 2011 Wakenya walionyesha uwezo wa watu wa kawaida, pale walipochangishana, wengi kwa simu zao, zaidi ya Shilingi milioni 500 za nchi yao katika wiki chache kwa ajili ya ndugu zao wenye njaa, hasa wa Turkana. Tusingoje tena kamera.

Pili, tumkumbuke asiye na ndugu. Daniel Maxwell na Nisar Majid, katika kitabu chao juu ya baa hilo kilichotoka mwaka 2016, wameeleza kwamba familia zilizokuwa na jamaa mjini au ng'ambo wa kuwatumia fedha kwa hawala ziliweza kujisitiri. Walioangamia zaidi ni wale ambao hawakuwa na mtu wa kumpigia simu. Je, si hao ndio waliokusudiwa na udugu wa Kiislamu? Udugu unaoishia kwa ukoo haukuhitaji Mtume kuja kuufundisha.

Tatu, tuwapokee wakimbizi kwa wema. Makambi ya Dadaab nchini Kenya yalianzishwa mwaka 1991 kwa ajili ya watu wapatao 90,000, na mwaka 2011 yalikuwa na zaidi ya 400,000. Aliyetembea siku nyingi na kumzika mtoto njiani hastahiki kuitwa majina ya dharau sokoni.

Nne, tudai hesabu, tukianzia kwetu. Kamati ya msikiti inayokusanya sadaka ya maafa isome hadharani kilichoingia, kilichotoka na kilikokwenda. Jamii isiyomuuliza mweka hazina wa madrasa haitaweza kumuuliza waziri wa chakula. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga.

Tano, tuwasomeshe watoto wetu elimu hizi. Tunafurahi kijana anapohifadhi Qur'ani, na tunastahiki kufurahi. Lakini umma unamhitaji pia kijana anayejua takwimu, lishe, kilimo na sheria, atakayekuwa mlinzi mwenye kujua, kama Yusuf (A.S.). Kumuandaa kijana huyo ni fardhi ya kutosheleza, na ikiwa hakuna aliyeisimamia, sote tunapata dhambi.

Mwisho, tuuchunge ulimi wetu. Tuendelee kusema kwamba ukame ni mtihani, kwani ndivyo ulivyo. Lakini tusisahau kwamba katika mtihani huo wenye kuulizwa si wenye njaa peke yao. Mtawala anaulizwa juu ya ghala, mpiganaji juu ya njia aliyoifunga, tajiri juu ya bei, mwandishi juu ya alichokinyamazia, na sisi wenye shibe juu ya jirani. Imepokewa kwamba Umar (R.A.) alihofia kuulizwa na Mwenyezi Mungu hata juu ya mnyama atakayejikwaa huko Iraq kwa kuwa hakumtengenezea njia. Basi roho 258,000 zina waulizwaji wangapi?

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awarehemu waliokufa, awashibishe wenye njaa, awape amani wenye hofu, awaongoze wanaotutawala katika uadilifu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kutoa kabla ya kuombwa na kushuhudia haki bila ya kuogopa. Amin.

Wabillahi tawfiq.